Mvumo wa Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo. Garaji letu hapa Naviundu likijaa matope kazi hupungua, na mimi nikikosa kazi mdomo wangu hutafuta ugomvi. Ndiyo maana mama yangu, Mama Fatouma, akanipa daftari hili. "Andika, Amida," alisema. "Karatasi haitakujibu." Naandika Kiswahili nilichofundishwa madrasa, lakini watu nitawaacha waseme kama tunavyosema hapa Lubumbashi, la sivyo sitawatambua nikija kusoma.

Mteja mmoja tu leo, Mama Huguette. Ni mwalimu, kila siku anaenda kufundisha Kipushi na kurudi. Gari lake ni dogo, la kijivu, la Japani. Lilifika na usukani upande wa kulia kama yote yatokayo huko, na kwa kuwa huku tunapita upande wa kulia wa barabara, Papa, baba yangu, ndiye aliyeuhamishia kushoto mwezi wa Mei. Sasa anasema linavuma.

"Si makelele," alisema. "Makelele unasikia na masikio. Hii minasikia mu tumbo."

Nilizunguka nalo mpaka mtoni na kurudi, mvua ikinyesha. Sikusikia kitu, nikamwambia hivyo. Nilimwona mwanamke wa masikio laini, nikamcheka moyoni.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Jua limetoka, na Mama Huguette naye. Safari hii hakukubali niende peke yangu. Tukashika barabara ya Kipushi pamoja, yeye akiendesha. Mpaka hamsini hakuna kitu. Tulipofika sitini, gia ya nne, nilishtuka nikashika mlango. Ilikuwa kama mtu ameniingiza kichwa ndani ya pipa tupu na mwingine analisukuma kwa nje, taratibu, bila kuchoka. Masikio yaliziba. Jino langu bovu liliuma. Kioo cha ndani kilitetemeka nisione nyuma. Kufika sabini, mvumo ukakatika. Kurudi sitini, ukaja tena.

"Unasikia?"

"Minasikia, Mama."

"Bon. Bwana yangu anasema ni mimba. Pasteur anasema ni pepo. Weye unasema nini?"

"Minasema ni motokari."

Aliniangalia, nikaona macho yamemjaa machozi. Mtu anaweza kukaa miezi akisubiri kuambiwa kwamba si mwendawazimu. Niliona aibu kwa kicheko cha Jumatatu.

Nilimweleza Papa. Aliendelea kunywa chai yake. "Bibi ya mutu akiwa na stress anasikiaka bintu mingi," alisema, akacheka kidogo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimebadilisha magurudumu, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Mvumo uko palepale.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimetumia akili badala ya mikono. Tukiwa sitini nilimwambia Mama Huguette atoe gia, aliache gari liserereke lenyewe. Mvumo ukazimika papo hapo, na magurudumu bado yanazunguka mbio zilezile. Kwa hiyo si magurudumu wala beringi zake. Ni kitu kinachoamshwa na injini.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimebadilisha raba zinazoshikilia bomba la moshi, na raba moja ya injini iliyokuwa imepasuka. Mikono yangu yote miwili inanuka.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Tulienda mpaka nusu ya njia ya Kipushi, sitini, gia ya nne. Kimya. Nimelitengeneza! Mama Huguette alinikumbatia na mafuta yangu yote. Nilirudi nikitembea kifua mbele, nikamsimulia Papa hatua kwa hatua. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema tu, "Muzuri, mutoto."

Jumamosi, 15 Novemba

Siku tatu za jua kali. Leo Mama Huguette ameingia na gari bila kupiga honi, akashuka, akaufunga mlango polepole. Bora angeubamiza.

"Nimetapika jana ku njia," alisema. "Mbele ya banafunzi yangu. Batoto ba kumi na mbili banaangalia mwalimu yao anatapika mu majani. Uliniambia imekwisha."

Tulipanda tukaenda, na pale sitini ukaja, mkubwa kuliko mwanzo. Naapa lilikuwa kimya Jumanne, masikio yangu ni shahidi. Nani alilitia mvumo tena?

Jumatano, 19 Novemba

Mvua usiku kucha. Nikampigia simu Mama Huguette saa moja asubuhi: linavuma? Anasema hapana, ata kidogo.

Ijumaa, 21 Novemba

Jua. Linavuma.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Siku za mvua, kimya. Siku za jua, mvumo. Tarehe tatu sikusikia kitu kwa sababu ilikuwa inanyesha. Tarehe kumi na moja sikutengeneza chochote. Miaka kumi na moja niko kwenye kazi hii na sijapata kuona gari linaloponywa na mvua.

Jumatatu, 24 Novemba

Jibu limekuja ndani ya mfuko wa unga.

Mama Huguette alinunua unga wa mahindi Kipushi, kilo ishirini na tano. Nyuma palikuwa pamejaa madaftari ya wanafunzi, mfuko akauweka mbele, pale abiria wa kulia anapoweka miguu. Jua lilikuwa linawaka. Amefika hapa amepanua macho. "Amida, imenyamaza. Ata mvua haiko, na imenyamaza."

Tukaenda. Na mfuko, kimya. Nikaupakata magotini, mvumo. Nikaurudisha chini, kimya. Tulifanya hivyo mara tatu mpaka suruali yangu ikawa nyeupe. Mwisho niliondoa mfuko, nikavua kiatu, nikakanyaga zulia kwa unyayo mtupu. Kitu kilikuwa kinanipiga kutoka chini, mapigo mazito yanayofuatana, kama moyo wa mnyama. Nilivuta mguu haraka.

Sasa najua na mvua inafanya nini. Maji yanaingia, yanalowesha ile sufu nene chini ya zulia, sufu inakuwa nzito, na uzito huo unakilaza hicho kitu. Jua likikausha, kinaamka.

Lakini pale kulia, chini ya miguu, mbele, ndipo usukani ulipokuwa zamani. Pana tundu la zamani pale, na Papa ndiye aliyeliziba.

Jumanne, 25 Novemba

Sina budi kueleza kazi ya Papa, maana leo tumegombana juu yake.

Papa yangu ni Djafari Yuma. Baba yake alitoka Maniema na nyundo moja. Mji huu wote unamjua kwa kazi ya kuhamisha usukani. Anakata ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu, anachomelea kishikio kipya upande wa kushoto cha kubeba usukani, kisha anaziba tundu la kulia kwa bati nene, anachomelea pande zote. Mimi nafanya nyaya, pedali, dashibodi, viti. Kuchomelea, soudure kama anavyoiita, ni yeye peke yake, nyuma ya turubai. Na kwetu mafundi kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: unaweza kumzidi fundi wako kwa lolote, lakini kazi yake aliyoifunga huifungui.

Nilimwambia, "Papa, makelele inatoka chini ya bati. Niache nitoshe tapis, hii zulia, niangalie."

"Apana."

"Kuangalia tu."

"Mwanafunzi hawezi kufungula soudure ya fundi yake. Ao weye ulishakuwa fundi yangu?"

Hajapata kunipandishia sauti tangu nikiwa msichana. Jioni sikumpelekea maji ya kunawa. Akanawa mwenyewe, akamwaga nusu chini.

Ijumaa, 28 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio, kama ilivyotokea.

Papa alikwenda msikitini saa sita na nusu. Mama Huguette alikuwa ameacha gari. Nilifunga geti, nikatoa kiti cha kulia, nikafunua zulia. Sufu ilinuka kama nguo zilizosahauliwa majini. Chini yake bati, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na pembeni mwote mstari ulionenepa, laini, kama Papa alivyochomelea siku zote. Nilimwomba msamaha kimoyomoyo. Halafu nikagusa mstari ule kwa bisibisi, na bisibisi ikazama.

Ilikuwa mastiki, ile gundi laini ya kuzibia nyufa. Niliibandua kwa vidole, ikatoka ndefu kama ganda la maziwa. Chini yake palikuwa na vidonge vinne vya kuchomelea, kila kimoja ukubwa wa karanga, basi. Bati lenyewe jembamba. Nilipolipiga kwa ukucha lilinijibu kwa ile sauti ya tumbo. Huyo ndiye pepo wa Mama Huguette: bati limeshikwa kwa karanga nne, injini ikifika mwendo wake linapumua kama ngozi ya ngoma.

Nilicheka. Nilidhani nimefika mwisho.

Kisha nikasema, kwa kuwa niko chini humu, hebu niangalie na kushoto. Nikaelekeza taa kwenye kishikio cha usukani. Mstari wa kuchomelea ulikuwepo, mrefu, wa kweli, mawimbi yake sawasawa, mkono wa Papa mtupu. Lakini ulikuwa umelala juu ya chuma kitupu. Maungio yako hapa, mstari uko kule, upana wa kidole kati yao, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliingiza ukucha ndani ya maungio yenyewe, ukaingia. Kishikio kinachobeba usukani wa mwanamke anayekwenda Kipushi na kurudi kila siku kilikuwa kimeshikwa kwenye pembe moja tu, na pembe ile ilikuwa imeanza kupasuka.

Nilikaa chini kwenye matope. Mtu mzembe hachomelei vile. Mzembe huharibu palepale panapotakiwa. Papa alikuwa amechomelea vizuri kabisa mahali pasipo na kitu.

Nililielewa taratibu, na nilipolielewa nilitia ufunguo wa gari mfukoni ili mtu asiliendeshe.

Jumamosi, 29 Novemba

Asubuhi, jua likiwa kali, nilimketisha Papa kwenye kiti cha dereva bila kumweleza. Nilichukua mkono wake nikauweka karibu na kishikio. Nikasema, "Papa, nionyeshe na kidole fasi bintu bibili binakutana."

Hakuuliza kwa nini. Alipeleka kidole taratibu, akakiweka kando. Akakisogeza. Bado kando. Jua lilikuwa linampiga usoni na yeye hakufumba macho.

"Tangu wakati gani?" nilimwuliza.

"Jicho ya kuume tangu zamani. Ya kushoto, Ramadan ilipita."

"Na ulikuwa unachomelea namna gani?"

"Na masikio." Alisema hivyo kwa fahari, ndiyo iliyonichoma. "Soudure muzuri inakaanga kama mafuta. Kama ni mubaya inatema mate. Nilikuwa nafwata sauti. Nikimaliza, napitisha kidole, nasikia iko muzuri. Ile bati ya kulia njo nilisikia haifungi. Njo niliweka mastic."

"Kwa hiyo ulijua."

Alipangusa kidole kwenye suruali.

"Mama Huguette alipokuya ile siku ya jua, ulikuwa umeshajua."

"Niliisikia kutoka ku mulango," alisema. "Kabla azime moteur."

Nilimpigia kelele. Sitaandika nilichosema, si maneno ya binti kwa baba yake. Mama Fatouma alitoka jikoni na taulo mkononi. Nilimgeukia nikitegemea naye atashtuka. Hakushtuka. Alisema, "Minamukatia nyama mu sahani tangu Ramadan, Amida. Unakula naye meza moja. Hukuona?"

Sikuona. Nilidhani ni mapenzi. Nilimwona akienda msikitini na mkono begani mwa jirani, nikadhani ni urafiki. Miezi tisa nimefanya kazi hatua tatu kutoka kwake, turubai katikati, na mimi ndiye mwenye macho mazima.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 1 Desemba

Nilikwenda kwa Mama Huguette kwa miguu nikamwambia yote. Sikumficha hata la pembe iliyopasuka. Aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake.

"Kwa hiyo ile ilikuwa inanitapisha, haingeniua."

"Apana, Mama. Ile ya kuua ilikuwa kimya."

"Kama singelisikia ile ya tumbo, hungefungula."

"Singefungula."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliniuliza tu, "Amida, na bale bengine? Si mimi peke yangu niligeuziwa volant na Papa yako."

Nilirudi nyumbani nikikimbia, na mvua ikinipiga.

Jumanne, 2 Desemba

Kumi na moja. Papa anayakumbuka yote, si kwa namba za usajili, anayakumbuka kwa sauti ya injini. Magari kumi na moja tangu Ramadan, kumi ni ya hapa mjini, likiwemo la Mama Huguette na la Laurent anayepeleka watoto shuleni. La kumi na moja ni la mama mmoja aitwaye Chileshe, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Pweto, mbali ziwani. Hatuna simu yake. Kila Papa anapotaja gari, mimi naona kishikio.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemaliza gari la Mama Huguette. Nimekata kila kitu, nimechomelea upya mimi mwenyewe, geti wazi, turubai nimelitupa. Bati nene, pande zote nne. Tumekwenda Kipushi na kurudi, sitini, gia ya nne, jua kali. Alizima hata redio. Tulisikia matairi, upepo, mtu akipiga honi mbali. Mama Huguette alianza kuimba, nikamwacha.

Bado kumi.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimempeleka Papa kwa daktari wa macho. La kulia halitarudi. La kushoto labda, wakilifanyia upasuaji. Papa alisema, "Tutaona."

Jumatano, 10 Desemba

Simu zilizopo tumepiga, tatu zimejibu. Nikaamua kupeleka tangazo redioni, kama watu wanavyofanya mji huu mtu akifa, mbuzi akipotea au mkutano ukihama. Niliandika mwenyewe: "Familia ya Djafari Yuma ya Naviundu inajulisha ndugu, jamaa na marafiki wote, hasa wale waliohamishiwa usukani tangu mwezi wa tatu, wafike nyumbani haraka iwezekanavyo na magari yao." Litasomwa kesho asubuhi. Nililisoma mara mbili nikaona liko sawa.

Alhamisi, 11 Desemba

Mimi ni mjinga. Mungu anisamehe.

Msomaji alilisoma baada ya matangazo mawili ya vifo, kwa sauti ileile. Na mimi nilikuwa nimelianza kama watu wote wanavyoanza tangazo la msiba, kwa kuwa sijui kuanza tangazo namna nyingine. Nani atasubiri mwisho wa sentensi, akishasikia "familia ya fulani inajulisha ndugu, jamaa na marafiki"?

Saa tatu walikuwa wamejaa. Wamama wamefunga vitambaa, wanalia tangu njiani. Jirani ameshapanga viti vya plastiki uani. Mtu amewasha moto wa kupikia waombolezaji. Mama Fatouma alitoka chumbani akakutana na kilio, naye akaanza kulia kabla hajauliza nani amekufa. Papa alikuwa chooni. Alipotoka na birika mkononi, dada mmoja wa sokoni alianguka chini.

"Banasema ulikufwa," jirani alimwambia.

"Nani anasema?"

"Redio."

Nilitaka ardhi inimeze. Na katikati ya aibu hiyo, Papa aliinua kichwa. Barabarani magari yalikuwa yanaendelea kufika, na yeye akaanza kusema taratibu, kama anayeota. "Ile ni ya Laurent. Ile ni ya mwalimu wa Ruashi. Ile nyingine, ile inavuma, ni soudure yangu." Waliokuja kumzika walikuwa wamekuja na magari yaleyale tuliyoyahamishia usukani. Saba.

Ikabidi kusema mbele yao wote. Papa alisimama, watu wakanyamaza. Alifungua mdomo, akaufunga. Alirudi akaketi kwenye kiti cha plastiki cha msiba wake mwenyewe.

Nikasema mimi. Nikasema kuna makosa ya kuchomelea, vishikio vya usukani si salama, tutarekebisha vyote, mtu asiendeshe kurudi nyumbani. Laurent alikuja mbele mpaka nikanusa pumzi yake.

"Minabeba batoto kumi na ine, Amida. Kila siku. Ni kosa ya nani? Ya vieux, huyu muzee, ao ya mufundi mwengine?"

Nilimtazama Papa. Alikuwa ameangalia chini, mahali asipoona kitu.

"Ni kosa ya garage," nilijibu.

Laurent alitema mate pembeni. Akanitupia ufunguo, akaondoka kwa miguu. Wengine wakaacha funguo kwenye meza ya chai, mmoja baada ya mwingine, bila kuaga. Chakula cha msiba kilibaki. Papa aliniacha nibebe kosa lake mbele ya mji mzima, na mimi nikalibeba, na sijui ni lipi lililonishangaza zaidi.

Ijumaa, 12 Desemba

La Laurent kwanza. Limeshikwa kwenye pembe mbili.

Jumapili, 14 Desemba

La mwalimu wa Ruashi. Pembe moja.

Jumatano, 17 Desemba

Mvua. Leo mawili. Papa anakaa kando, nikimaliza anakuja na nyundo ndogo, anagonga, anasikiliza. "Apa haikushika," alisema leo, nikakuta kweli. Bado sisemi naye ila ya kazi.

Jumatano, 24 Desemba

Kumi yamekwisha. Laurent alichukua lake bila kuniangalia, lakini alimwambia Papa, "Vieux, pole na macho." Papa alijibu, "Asante." Basi, hivyo tu.

Limebaki la Chileshe.

Alhamisi, 1 Januari

Hakuna habari. Barabara ya Pweto imeharibika kwa mvua, malori yamekwama.

Jumanne, 6 Januari

Nimetuma ujumbe kwa madereva watatu wa malori ya samaki. Mmoja anasema anamjua Mama Chileshe. Anasema mama huyo huwa anaendesha mwenyewe.

Jumatatu, 12 Januari

Mvua. Naota kishikio.

Jumapili, 18 Januari

Saa nane mchana nilikuwa nafua. Papa alikuwa kwenye kiti chake karibu na geti. Ghafla akasimama, kiti kikaanguka.

"Njo ile," alisema, akimaanisha ndilo hilo. "Amida, njo ile. Mwambie asikate kona! Asiguse volant!"

Sikusikia kitu zaidi ya mvua juu ya mabati ya paa. Nilikimbia nje na povu mikononi. Gari la bluu, limejaa matope mpaka madirishani, lilikuwa linakuja polepole kutoka barabara kubwa, likijiandaa kukata kona kuingia kwetu. Nilisimama mbele yake nikainua mikono yote. Likasimama hatua mbili kutoka magotini mwangu.

Mama Chileshe aliteremsha kioo. Mwanamke mnene, amechoka, kitenge kichwani. Alisema dereva wa lori ndiye aliyemfikishia maneno, kwamba fundi Djafari anamtafuta, na kwa kuwa alikuwa analeta samaki mjini hata hivyo, amepitia. Siku mbili njiani. Nilimwomba azime injini. Nilimwomba asishuke kwanza, halafu nikamwomba ashuke. Sikujua ninachosema.

Nilijilaza kwenye sakafu ya gari na taa. Kishikio kilikuwa pale. Nilikishika tu nikitaka kuona kimepasuka wapi. Sikukivuta, naapa. Kilinitoka mkononi kizima, na usukani ukashuka taratibu ukanigonga begani.

Nilipotoka nilikuwa nimekishika. Mama Chileshe alikiangalia, akaangalia usukani unaoning'inia, akaelewa. Hakupiga kelele.

"Nani alitengeneza hii?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lile jibu la garaji lilikuwa tayari kwenye ulimi, nilikwisha kulizoea. Papa akanipita. Alitembea mwenyewe, bila bega la mtu, mguu mmoja ukaingia dimbwini, akasimama mbele ya sauti ya Mama Chileshe.

"Ni miye, Mama," alisema. "Miye peke yangu. Nilikuwa sioni, na nilikuwa najua sioni."

Mvua ilikuwa inamnyeshea usoni na hakuipangusa. Mama Chileshe alifungua mlango wa nyuma. Kati ya magunia ya samaki walikuwa wamelala watoto watatu, wamefunikwa blanketi moja. Aliwaamsha, akawashusha chini, akawasimamisha kwenye matope. Kisha akaanza kuwahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, akafika mwisho, akaanza tena.